Chukueni Nyumba Yenu, Mtuachie Kiwanja

Mamangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia adhuhuri hii mtoto akiwa kwenye ziwa langu, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, ni yeye anavuta. Naiandika waziwazi, asomaye asome, maana najua si mimi peke yangu mwenye mume mchovu na watoto wadogo, ninayeambiwa kila siku, "Nunua hapa, ni karibu na kazi."

Nimechoka, mama. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni wa mifupa.

Tumekuwa tukitafuta nyumba, ya kwanza yetu. Baba Aisha bado yuko jikoni katika hoteli ya ufuoni, anarudi ananuka kitunguu mpaka masikioni, na alitaka jambo moja tu: pahala atakapofika kwa miguu. Mimi nami nilitaka jambo moja tu, nawe unalijua.

Unakumbuka siku aliyokuja yule mtoto wa mwenye ardhi? Wazee wetu walipotoka visiwani kuja Malindi hawakuja na ardhi mfukoni. Walipewa kiwanja wajenge, wakawa wanalipa ijara kila mwaka. Nyumba ni yetu; chini, yaani ardhi, ni ya wenyewe. Ndiyo desturi ya mji, hakuna aliyeiona ajabu. Kisha mwenye ardhi akafa, warithi wakagawana.

Alikuwa na adabu yule kijana, na nilipokua mkubwa hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alivua viatu, akanywa kahawa yako, akakuuliza kifua chako kinaendeleaje. Ndipo akasema, "Bi Mwana, chukueni nyumba yenu, mtuachie kiwanja chetu. Hakuna haraka. Mfungo ujao ukiisha."

Ukamjibu, "Nikuongeze kahawa?"

Basi tukaichukua. Watu wa bara wakisikia hudhani ni maneno tu. Tulishusha makuti, tukang'oa boriti, baba akaulaza mlango juu ya mkokoteni, nami nikapewa komeo nilishike. Udongo wa kuta ukabaki umelala pale kama mtu. Wewe ulipofika kisimani ukasimama. Baba alikichimba mwenyewe kile kisima, na maji yake yalikuwa matamu hata majirani wakija kuchota ya kupikia kunde. Akataka kukifukia. Ukamwambia, "Wacha. Si maji yaliyotufukuza." Ukafagia ukingo, ukaiacha kata yako ya kifuu juu ya jiwe, tukaenda.

Toka siku ile tukawa watu wa vyumba vya kupanga. Mlango wetu ukakosa nyumba, ukawa ubao wako wa kusukumia mahamri mpaka ulipofariki. Mimi nikaurithi na unga wake.

Sasa sikiliza. Tulionyeshwa nyumba mtaa wa nyuma ya soko. Vyumba vitatu, bati jipya, choo kimesakafiwa. Kutoka pale hadi hotelini, Baba Aisha angefika kabla sigara haijaisha. Alikwisha anza kupima kwa hatua kitanda kitakaa wapi.

"Na chini?" nikauliza.

Bi Zuhura, mwenye kuuza, akanitazama kama niliyeuliza mbingu ni ya nani. "Chini kuna wenyewe, mwanangu. Ijara yenyewe pesa ya ubani tu."

"Na mnazi ule?"

"Mnazi nao una mwenyewe mwengine. Akija kuangua mtamsikia."

Baba Aisha akasema, "Kumbe sisi twanunua kivuli!"

"Kivuli hicho nawapa bure," akajibu Bi Zuhura, tukacheka sote. Nilicheka mama, lakini kiganja changu kilikuwa kimejikunja kama kilichoshika komeo.

Njiani Baba Aisha akaniambia, "Mama Aisha, nani wa kutufukuza zama hizi? Dunia imebadilika."

"Imebadilika kweli," nikamwambia. "Zamani kiwanja kilitakiwa na mrithi. Sasa kinatakiwa na mwenye kujenga hoteli."

Akaongeza mwendo. Na sikumlaumu. Mtu aliyesimama kwenye moto toka alfajiri hataki historia, anataka kitanda.

Nikampeleka ng'ambo ya daraja la Sabaki, kwa Mzee Karisa, aliyekuwa akiuza kipande cha shamba chenye hati yake, na juu yake chumba kimoja cha udongo. Ni mbali, sitakudanganya. Baba Aisha alifika amelowa jasho, akaiegemeza baiskeli kwenye mpapai, akauliza, "Mzee, usalama upo hapa?"

"Upo tele," akasema Mzee Karisa. "Labda viboko tu. Hutoka mtoni wakala mahindi."

Baba Aisha akanigeukia. "Umesikia? Jirani yako ni kiboko."

"Kiboko hataniambia nichukue nyumba yangu."

Mzee Karisa alicheka hata akakohoa. Baba Aisha hakucheka. Siku zile alisema nami habari ya chumvi tu, iko au haiko. Nami sikumbembeleza. Nilijua nikianza kubembeleza nitalia, na nikilia tutanunua kivuli.

Asubuhi moja akanikuta nasukuma mahamri. Akakaa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ubao, pale palipokuwa na bawaba, kisha akauliza, "Huu utaingia kwenye mlango wa Mzee Karisa?"

"Ukipunguzwa chini kidogo."

Akachukua hamri moja, akaondoka zake kazini. Ndivyo tulivyonunua nyumba, mama. Bangili zako mbili zimeingia humo, usinune.

Lakini nisijisifu. Wateja wangu wa mjini nimewapoteza zaidi ya nusu. Aisha anakwenda shule kwa vumbi, na bado humwekea mdogo wake nusu ya maziwa ya Nyayo wanayogawiwa shuleni, yanafika yamepata moto. Kuna siku namwona baba yao akishuka baiskeli, kisha analala na tonge mkononi, nami najiuliza kama niliwatafutia nyumba au adhabu. Ningekuuliza wewe. Ungeniambia nimfunike, niache maswali.

Juzi tumepata maji. Kisima kimechimbwa, na maji yana chumvi, chai ya maziwa inakatika. Baba Aisha akaonja, akatema kidogo. "Si kama yale ya mama yako unayoyasifu."

"Si kama yale," nikasema.

Akainywa kata yote, akataka nyengine.

Aisha alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, nimemshika miguu, anachungulia. Mtoto huyu ametusikia tukibishana miezi yote, kumbe alikuwa anaweka moyoni. "Mama," akaita, na sauti yake ikarudi kutoka ndani, "na huku chini ni kwetu?"

"Na huko chini."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye maji."

Akatema mate kisimani kuona yataangukaje, nikamchapa tako. Kisha nikakaa chini pale pale, juu ya mchanga wangu, nikashindwa kusimama. Si kwa huzuni. Nilikuwa nimefika tu.

Kata yetu nayo iko juu ya jiwe. Mlango wako umesimama, bado unanuka mafuta ya mahamri, na mchana hatuutii komeo. Ukipita, usukume.

Mwanao, niliyelibeba komeo,
Mama Aisha
Sabaki