Abiria Wawili kwa Safari

Thornby Gill,
Aprili 20

Dada yangu Hilda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba baridi ya huko pwani inakuhurumia kuliko hii yetu. Mimi mwili ni mzima. Kondoo wa jirani wamezaa, na paa la jikoni bado linavuja palepale ulipoliacha.

Umenilaumu kwa kutokukuambia msiba wa Norman Rigg hadi ukausoma gazetini. Una haki. Wewe ndiwe uliyemshikia Edna maua kanisani siku ya harusi yao. Kila nilipoanza barua niliichana, maana sikujua nianzie wapi.

Unajua kwamba Norman alipopotewa na kumbukumbu alipelekwa makao ya wazee kule Skelby, na Edna haendeshi gari. Kila Jumanne na Ijumaa alipanda basi langu la saa nne asubuhi, na kopo la keki ya tangawizi mapajani. Norman hakumjua tena hata mwanawe, lakini Edna akishika kijiko, alifungua kinywa akala. Mzee Tunstall wa fimbo mbili alizoea kunitania kwamba naendesha kama niliyebeba mayai, na Edna akamjibu kuwa mayai yenyewe yameshaoza. Tukifika Skelby tulikuwa kumi na wanne, siku nyingine kumi na sita, karibu wote wazee wenye kadi za kusafiri bure.

Basi hilo halikuwahi kujilipia. Halmashauri ya kaunti iliipa kampuni yetu ya mabasi ruzuku ili tuendelee kupita huku kusiko na faida. Vuli iliyopita ikatangaza kwamba fungu limepungua, na njia zisizo na abiria zitakatwa. Wakaja kutueleza ukumbini. Binti mmoja mpole akasoma karatasi zake: kwa hesabu ya mashine ya tiketi iliyo ndani ya basi, tunabeba abiria wawili kwa safari.

Watu walicheka kwanza, kisha wakakasirika. Tunstall akauliza kama yeye huhesabiwa robo kwa sababu ya ufupi wake. Edna akasimama akasema, "Binti yangu, kiti kile nimekikalia miaka minne. Kumbe nilikuwa hewa?" Yule binti alijibu kwamba anamwamini, ila hana kingine cha kuwapelekea madiwani, na akauliza kama yupo mwenye maelezo. Watu wakasema mashine mbovu. Maneno hayo hayakumsaidia.

Januari njia ikafutwa, nami nikahamishiwa mjini, Jumatatu hadi Jumamosi. Teksi haziji huku ila kwa bei ya kukomoa. Nilimpeleka Edna Jumapili mbili kwa gari langu, kisha theluji ikafunga barabara ya mlimani. Wauguzi wanasema kila asubuhi Norman alidai koti lake akaenda kukaa karibu na mlango, na kijiko cha mtu mwingine hakukitaka. Alifariki Alhamisi moja ya Februari, Edna akiwa nyumbani anangoja barabara ifunguliwe.

Sasa nisikilize, dada. Mashine haikuwa mbovu. Miaka miwili iliyopita nilisikia kituoni kwamba kila kadi ya mzee ikihesabiwa, kaunti inatozwa nauli yake. Nikajisemea, kaunti imeishiwa, ngoja niipunguzie mzigo isije ikatukata. Wazee wangu waliponionyesha kadi niliitikia kwa kichwa nikawaambia wakae, nao wakadhani nimebonyeza kitufe cha mashine cha kuwahesabu. Sikubonyeza. Nilijiona mjanja kweli kweli. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nalifuta basi letu kwa kidole changu mwenyewe.

Nililitambua palepale ukumbini, yule binti alipotaja mashine. Kubeba watu bila kuwaandika ni kosa la kufukuzwa, na nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nikanyamaza.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda kumwambia Edna. Alinisikiliza huku akikunja mashati ya Norman ya kugawa kanisani. Hakulia. Akasema, "La kitufe ulilifanya kwa kutupenda, Clifford, hilo nitalimeza. Lakini siku ile ukumbini ulikuwa umekaa nyuma yangu. Nilisimama peke yangu, na wewe ulikuwa unajua." Kisha akanifungulia mlango nitoke, kama anavyofunguliwa mgeni. Moyo wangu umevunjika, Hilda, na sina wa kumlaumu.

Nimeiandikia kampuni na halmashauri nikakiri yote. Kampuni imeniachisha kazi, ni sawa. Halmashauri imeamua kulirudisha basi mwezi wa sita kwa majaribio, na wazee wahesabiwe upya mmoja mmoja. Tunstall ameshaanza kung'arisha fimbo zake. Nilitaka Edna asikie kutoka kwangu, nikamwambia mlangoni pake.

Aliniuliza sasa apande kwenda wapi.

Mwandikie, dada. Usiniombee msamaha, mwandikie tu apate wa kuzungumza naye. Nisalimie Geoffrey na wajukuu, na goti ulifunge sufi.

Mdogo wako,
Clifford