Mstari Mmoja Mweupe, Mmoja wa Bluu

Jumapili, Likasi. Mvua ya kwanza imenyesha mchana.

Haikuwa mvua ya kujivunia. Ilipiga mabati dakika kumi, ikaamsha harufu ya udongo, kisha ikaenda zake upande wa Kambove na kutuachia joto lilelile. Nimekaa barazani. Vidole vyangu vina rangi ya bluu mpaka kwenye kucha, na sitaki kunawa kwanza.

Nina jambo la kuungama. Asubuhi nilikuwa kanisani na padri hakulisikia, kwa hiyo lisikie wewe, shajara yangu.

Ijumaa mama mmoja alikaribia kufa katika kituo chetu cha afya, na mkono wangu umo.

Acha nieleze taratibu, maana nikianza kulia sitamaliza. Mimi ni sekretari wa kituo kidogo cha afya hapa Kikula. Kazi yangu ni makaratasi na kompyuta, sindano nazikimbia. Kati ya makaratasi hayo kuna orodha ya watu waliokubali kutoa damu. Mama akijifungua na damu ikakataa kusimama, muuguzi anatafuta kwenye orodha mtu wa kundi linalofaa, anampigia simu, mtu anakuja. Umeme wetu unakatika unavyotaka, kwa hiyo naichapa orodha kwenye karatasi na tunaibandika nyuma ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Jina liko mwanzo wa mstari, kushoto kabisa. Namba ya simu iko mwisho, kulia kabisa. Katikati kuna mtaa, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu, uzito, siku ya mwisho ya kutoa, na mengine ambayo wakubwa waliyataka. Jicho lina safari ndefu hapo.

Nilipoitengeneza mara ya kwanza niliipaka mistari yake rangi. Mmoja mweupe, mmoja wa bluu hafifu, mmoja mweupe, mmoja wa bluu, hadi chini. Kwenye kompyuta ni kazi ya kubonyeza mara mbili tatu. Jicho likishika mstari wa bluu linaufuata mpaka kwenye namba ya simu bila kupotea. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa hilo. Wageni waliokuja walisifu kichwa cha orodha: tone kubwa la damu, jekundu, nililolichora mwenyewe kwenye kompyuta kwa siku mbili. Mmoja alilipiga picha. Nilitembea nimevimba kichwa wiki nzima.

Mwezi wa sita mkuu wa ofisi aliniambia wino unaisha haraka, nipunguze rangi. Alisema hayo tu. Hakusema niondoe ipi.

Niliondoa mistari. Tone nikaliacha.

Sasa Ijumaa. Clémence ndiye aliyekuwa zamu. Ni muuguzi, na ni rafiki yangu. Yeye ndiye aliyempokea mtoto wangu wa pili. Mama alikuwa anatokwa na damu, na Clémence alikuwa na mikono miwili tu kama sisi wote. Alikimbilia mlangoni, akapata jina sawasawa: Papa Ramazani, muuza vipuri vya baiskeli pale soko la Kikula, mtu wa sala tano ambaye hutoa damu kama wengine wanavyotoa sadaka. Jina sawa, kundi sawa. Kisha jicho lake likaanza safari kwenda kulia kwenye karatasi nyeupe tupu, na mahali fulani njiani likateleza, likashuka mstari mmoja. Akapiga namba ya mtu wa chini.

Mtu huyo ni dereva wa pikipiki, anakaa Kambove. Clémence hakuuliza jina. Alisema tu, "Kuya mbio, mama moja damu inamuishia!" na yule akajibu, "Nakuya." Nani angekataa? Alikuja, maskini, vumbi hadi kwenye nyusi, akanyoosha mkono. Wakampima kama wanavyompima kila mtu, wakakuta kundi lake si lile. Wakati huo wote Papa Ramazani alikuwa kwenye meza yake sokoni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, anakunywa chai.

Alipopatikana, zaidi ya saa moja ilikuwa imepotea.

Mama yuko hai. Mtoto ni msichana, yuko hai pia. Jana nilikwenda kuwaona, nikashindwa kumtazama yule mama usoni. Namshukuru Mungu, lakini shukrani haijanipa usingizi. Daktari amesema Clémence ni mzembe, na kesho kwenye mkutano wa asubuhi ataamua kama amtoe kwenye chumba cha wazazi ampeleke kusafisha vidonda. Clémence, ambaye hajawahi kutaka kazi nyingine duniani. Alilia mbele yangu akisema, "Minye nilisoma muzuri, sijue macho ilienda wapi."

Mimi najua macho yake yalikwenda wapi. Nilikuwa nimeshika leso yake mkononi, na nikanyamaza.

Leo baada ya misa nimepita kituoni, nikaibandua ile orodha mlangoni na kuja nayo nyumbani. Umeme hakuna tangu jana, kompyuta haina msaada. Nimekwenda kwenye bati la biskuti ambamo marehemu mama alihifadhi vitu vyake, nikatoa rula ya mbao ya papa, baba yangu, na kipande cha kreyo yake, penseli ile ya rangi mbili, bluu upande huu, nyekundu upande ule. Upande wa bluu umebaki urefu wa kidole gumba.

Nilipoinusa tu, nimerudi miaka thelathini na zaidi.

Papa alikuwa pointeur kiwandani, mtu wa kuandika nani kaja kazini na nani hakuja. Jumapili kama leo, mwezi mpya ukikaribia, alileta nyumbani daftari kubwa kuliko meza yetu. Aliweka rula, akalaza kreyo ubavuni ili isikwaruze, akapaka bluu mstari mmoja, akaruka mmoja, akapaka mmoja. Mimi nilikuwa mchongaji. Nilichonga kwa wembe huku nimetoa ulimi, nikahifadhi yale maganda ya bluu yaliyojikunja kwenye kiberiti kitupu kama mali. Akimaliza ukurasa aliniambia, "Puliza, mademoiselle," nami nilipuliza unga wa rangi kwa nguvu zangu zote, na mama kule kwenye babula yake ya makaa alilalamika kwamba tunamtilia bluu kwenye mboga. Redio iliimba. Kaka zangu walikuwa nje. Papa alikuwa wangu peke yangu kwa saa nzima.

Siku zote niliamini papa alipenda uzuri. Hata mistari yangu ya kwenye kompyuta niliipaka kwa sababu hiyo, kumkumbuka yeye akiwa bado kijana, mgongo umenyooka.

Sasa ni mzee, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake hapa barazani nikadhani amesinzia. Nimeweka rula juu ya karatasi, nikavuta kreyo mara moja, naye akainua kichwa.

"Iko latte yangu ile," akasema. Ndivyo anavyoiita rula. "Uko unafanya nini nayo?"

"Natia bleu mu mistari, papa. Liste ya bantu ya kutoa damu."

"Uliniambiaka machine inafanya yenyewe."

Basi nikamwambia yote: wino, tone, Clémence, dereva wa Kambove, na leso. Nilitegemea anikaripie, au aniambie kama wazee wanavyosema, Mungu amesaidia, yamepita.

"Unazani nilikuwa natiaka bleu juu ya buzuri?" akaniuliza.

Nimesema ndiyo.

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akanieleza kwamba mwanzoni daftari lake lilikuwa jeupe kama yale ya wenzake wote. Siku hizo kiwanda kiligawa posho, unga kwa kila nyumba, na aliyeandikwa hakuja kazini alikatwa sehemu yake. Mwezi mmoja jicho lake liliteleza. Mtu aliyekuja kazini kila siku, papa alimwekea msalaba mwekundu wa jirani yake asiyekuja, wa mstari wa juu, siku baada ya siku.

"Siku ya posho alirudia mikono mitupu. Bibi na batoto sita. Yeye hakupigana, hakutukana. Alisimama tu pale anaangalia mufuko yake. Ile siku minye nilibeba mufuko yetu ya bunga, nikamupelekea ku nyumba yake."

"Na shiye tulikula nini?" nikauliza.

"Weye usikumbuke? Viazi."

Nimeweka kreyo chini.

Nakumbuka, papa. Ninavyokumbuka! Ni wiki ninayoipenda kuliko zote za utoto wangu. Shangazi wa Kapolowe alikuwa ametuletea gunia la viazi vitamu, na mama alitupikia asubuhi na jioni, vya kuchoma, vya kuchemsha, vya kupondwa na karanga. Hakukuwa na bukari, ugali wetu, hata siku moja. Mama alisema tunaipumzisha sufuria ya bukari, imechoka, nasi watoto tukatunga wimbo wa sufuria iliyokwenda likizo. Nimewasimulia wanangu wiki hiyo mara ngapi? Nilidhani ilikuwa sikukuu.

Mama alijua, na alicheka pamoja nasi wiki nzima.

Nimelia, siwezi kuficha. Papa akanyoosha mkono apewe kreyo. Nimempangia rula chini ya mstari, naye akailaza kreyo ubavuni kama zamani na kuvuta. Mkono haujasahau. Tumefanya hivyo ukurasa mzima, mimi nahesabu, yeye anapaka. Mara moja rula ilisogea na bluu ikapanda juu ya jina la Papa Ramazani. Sijaifuta.

Mwisho nikamuuliza. Kama yule mtu hakujua kosa limetoka wapi, kama hakuna aliyejua, si ulitosha ule unga?

"Bunga ni ya tumbo," akasema. "Muntu yule bote balikuwa banamuita muvivu. Asubuhi, bantu yote bako mu mulongo ya kuingia ku kazi, nikapanda juu ya kiti. Nikabaambia: ule muntu alikuyaka ku kazi kila siku. Mwenye kukosa ni minye."

"Na chef alikufanya nini?"

"Nimesahau." Akageuza uso upande wa mwanga. "Puliza, mademoiselle."

Nimeinama nimepuliza.

Orodha iko hapa magotini kwangu, mmoja mweupe, mmoja wa bluu. Tone jekundu nimelikata kwa mkasi, limebaki tundu pale juu na naliona linafaa. Kesho jioni, ruhusa nipewe nisipewe, nitakwenda Kambove kumtafuta yule dereva nimshukuru kwa kukimbia.

Lakini kwanza mkutano. Naogopa. Nina watoto watatu na kazi hii moja, na tofauti na papa sina kiti cha kupanda. Nimejaribu kulisema neno lile la papa hapa barazani kwa sauti ndogo, mara mbili, kusikia linavyotoka mdomoni mwangu. Linatoka.

Saa mbili asubuhi, kabla Clémence hajafungua kinywa kujitetea, nitasimama.

Ni minye.