Hawakukuuliza Kama Ulishuka Tambarare

Mpendwa Baba,

Mwaka wa sita huu uko kaburini na hasira yangu haijapoa. Nimeona nikuandikie, na wengine wakisoma basi wasome.

Unakumbuka zahanati yetu pale Uru, juu mlimani, msimu wa baridi, mafua yanapopita nyumba hadi nyumba? Hadubini hatukuwa nayo. Damu tuliyopeleka Moshi mjini kupimwa, majibu yalirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Basi wewe ulipima kwa kuuliza. Mtu akija anatetemeka, ulianza na, "Umeshuka tambarare siku hizi?" Aliyetoka Mabogini kwenye mpunga na mbu ulimpa klorokwini ya malaria. Ambaye hajatoka kihambani kwake, kwenye migomba na kahawa yake, na nyumba nzima inakohoa, ulimwambia ni homa ya mafua, akapumzike, anywe uji na maji mengi. Kisha ulimfungua shati ukahesabu pumzi. Zikienda mbio, hapo ndipo ulipofungua kabati la penisilini.

Watu walikununia. Bibi mmoja jirani yetu alikuja juu: "Mganga, nimepanda mlima wote huu unirudishe nikanywe maji? Nichome sindano, bwana!" Ulicheka, ukamwambia sindano si peremende. Nilikuwa mwanafunzi wa unesi wakati huo, na nilijifunza kwako kuliko darasani.

Halafu ukaugua wewe, homa kali na pumzi zinakwenda mbio. Miezi mitatu hukuwa umeshuka mlimani, hata sokoni. Tulikubeba hadi kituo cha afya huko chini, na mganga wa zamu hakukuuliza lolote. Aliandika malaria ungali mlangoni! Klorokwini siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu aliyetibu nusu ya Uru, hata shati hawakukufungua! Nilipomwomba asikilize kifua chako, alinitazama juu mpaka chini. "Ndugu mwanafunzi, hapa mganga nani?"

Na wewe nakulaumu, Baba. Nilishafungua mdomo nimjibu, ukanishika mkono. "Mwanangu, usibishane na mkubwa wako kazini." Adabu gani hiyo ya kufa nayo? Angekuwa mgonjwa wako amelala pale, ungenyamaza?

Sasa mimi ni nesi kamili na nabishana na kila mtu. Juzi nilisimama mlangoni mwa wodi nikamzuia mganga asiondoke, mpaka alipomrudia mtoto mmoja aliyekuwa akihema vibaya. Wananiita mkorofi. Wacha waniite. Mtoto yule leo asubuhi amekunywa mtori, bakuli zima.

Ila nikibaki peke yangu hasira yote inanigeukia mimi. Ile ilikuwa nimonia, Baba. Niliijua tangu siku ya kwanza, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chako. Ukaniambia ninyamaze, nami nikakutii.

Lala salama.

Ni mimi,
kifungua mimba wako