Nilivyokataa Mara ya Tatu

Songo, Uvira, tarehe 14 Juni

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Pudentienne,

Pokea salamu za mdogo wako. Sisi huku tunaamka, tunakula, mvua imetuachia. Goti lako limepona? Na wajukuu wa Kalemie wanakuacha ulale? Barua hii nampa Amandine anayepanda boti kesho, kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni yako peke yako.

Umeniambia umeangalia video ya posa ya binti yako Kaneza mara tano, na kwamba hukujua mdogo wako, mtu wa kugombana na mapadri na wakaguzi wa shule, anaweza kuchekesha namna ile. Ngoja nikueleze.

Unajua sikumwamini Ndayisenga tangu alipoingia kwangu kumchumbia Kaneza. Anawatafsiria wageni wa shirika moja hapa mjini, basi Kiingereza kimemkaa mdomoni. Nilimuuliza kwa nini alimwambia Kaneza ana shamba la mpunga Sange, wakati shamba ni la kaka yake. Akajibu: fun tu, mjomba.

Nikafungua kamusi yangu kubwa. Leo Waingereza wakisema fun wanataka kusema furaha, mchezo, raha. Lakini miaka zaidi ya mia tatu iliyopita neno hilo lilikuwa na maana ya kulaghai, na nyuma yake huenda kuna neno la kale zaidi, la kumfanya mtu mjinga. Lilianza kazi kwenye utapeli, likaoga, likavaa tai, sasa linakaribishwa hata kwenye sherehe za watoto. Neno la namna hiyo silifungulii mlango kabla ya kuliuliza limetoka wapi.

Siku ya posa, Basile, msemaji wa upande wa Ndayisenga, alisema ndama wao amepotea na nyayo zinaingia kwetu. Kwa kuwa upande wa marehemu shemeji hakubaki mtu, kujibu kulikuwa kwangu. Nikakataa kwa mzaha, kama ilivyo kawaida yetu: nyumba hii haina ng'ombe, ina vitabu tu. Akasema basi ndama anasoma. Mara ya pili nikasema binti ameingia utawa; akajibu wamekuja na padri wa kumtoa. Mara ya tatu ndiyo ile uliyoiona. Nilisema katika ua huu kuna mlaghai, binti yetu hatumtoi, wabebe pombe yao warudi kwao Katogota. Wakacheka. Nikapandisha sauti, Basile akashika nguzo asianguke, akasema hajawahi kuona uso mgumu kama huo kwenye posa. Jirani yetu Concilie akapiga vigelegele, na mrija wa pombe ukawekwa mkononi mwangu.

Yaya, sikuwa nacheza. Nilikataa kweli, na nilipaswa kuikataa pombe ile, maana anayekunywa amekubali posa. Nikanywa. Nina miaka hamsini na miwili. Nikianza kusema, watu huondoka mmoja mmoja. Siku ile walinisogezea viti. Kicheko chao kilikuwa kitamu.

Kaneza peke yake hakucheka. Kesho yake alikuja kuchambua maharagwe karibu nami, akaniuliza kwa upole kama mara ya tatu nilisema kweli, kwa sababu mjomba akiona kitu, yeye anataka kukijua kabla hajaingia kwa watu. Kuhusu shamba, alisema, Ndayisenga alimwambia ukweli siku ileile. Je, kuna lingine? Nilikuwa nimeulizia habari zake Sange na Katogota, sikupata kitu. Ningemjibu hivyo: nina shaka, sina ushahidi. Lakini ningelazimika kumweleza pia kwa nini nilikunywa.

Nikamjibu: fun tu, mwanangu. Akainama, akaendelea na maharagwe yake.

Harusi ni tarehe tisa Agosti. Wewe atakuamini. Mwambie mjomba wake hakuwa anacheza, na kwamba mlaghai ambaye nina uhakika naye ndiye aliyeshika mrija. Halafu aamue mwenyewe.

Wasalimie wote hapo, kuanzia mtoto wa mwisho. Video ile usiiangalie tena.

Mdogo wako,
Sévère