Mwezi wa Nne wa Bibi Marsiana

Atusaye, sina pa kuuficha uso. Bibi Marsiana kawaambia wakwe zangu kwamba aliwahi kuadhibiwa kijijini. Eti kwa sababu ya mwezi! MWEZI, Atu!

Enzi za Ujamaa, mwalimu alileta darubini Muze. Jioni kijiji kizima kikapanga foleni kuhesabu miezi ya sayari ya Mshtarii. Wote wakaona mitatu. Bibi, wa mwisho, akaona wa nne ukichomoza nyuma ya sayari.

Unadhani walichungulia tena? Thubutu! Wanasayansi wetu wakapiga kura. Mitatu ikashinda kwa kishindo.

Bibi akang'ang'ania wake. Mwenyekiti akafoka, "Wenzako wote wana mitatu, wewe wa nne umeutoa wapi?"

Akalimishwa shamba la kijiji. Kosa lake: kumiliki mwezi binafsi.