Penseli Nyekundu ya Mpima Madini

Geita, masika

Mama, shikamoo.

Mvua hainyamazi, na ugali wa muhogo tunaula umeshapoa. Mzungu tunayemchimbia vishimo anakadiria dhahabu ambayo hakuna aliyeiona: akisikia mahali penye mawe kama ya hapa, anapapaka penseli nyekundu kwenye ramani. Jana akaniuliza, "Mawe haya umeyaona wapi kwingine?" Nami kwa kujidai nikamjibu, "Kwetu Mhunze, ndani ya zizi la ng'ombe, alipozikwa Baba." Akapaka pale pale. Na panapopakwa nyekundu ndipo wanapokwenda kuchimba.

Nisalimie Bibi, na wewe ujifunike vizuri na baridi hii. Wakija na sururu, Mama, waambie mwanao ni mwongo tangu utotoni.

Mwanao, Masanja