Kisima Kilipokuwa Bado Kikavu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Mkonze tupo. Mbuzi kazaa. Kaburi la bibi yako nimelipalilia. Mkono unatetemeka vilevile, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Umeuliza hela yako uwachangie wanaotafiti dawa mpya ya huu ugonjwa wangu wa Parkinson, au unitumie mimi.

Ujanani nilikuwa kibarua wa kuchimba kisima Chamwino. Kila nyumba ililisha wachimbaji kwa zamu. Tukashuka chini sana, vumbi tupu. Watu wakaacha kuleta ugali. Nipo shimoni na njaa, udongo unanimwagikia, nikasikia juu wanasema, "Mtoeni, tufukie."

Akafika bibi mmoja mzee sana na sufuria yake. Wakamcheka: "Bibi, maji hayo utayanywa lini wewe?"

"Nani kasema kiu ni yangu? Mpeni ale, achimbe."

Nikala, nikachimba. Kisima kile wanachota mpaka leo.

Wachangie hao watafiti. Dawa yao mimi sitaiwahi. Lakini juzi baba yako alishika kikombe cha chai, kidole gumba kikawa kinacheza chenyewe. Akaficha mkono mfukoni. Hajui kwamba nimeona.

Babu yako